Kutoka Ndiva hadi Majitaka: Same Inakunywa Baada ya Nani?

Asafiriye kwa barabara kuu kutoka Korogwe kwenda Moshi huukuta mji wa Same umekaa katika ukame, ilhali juu yake Milima ya Upare imefunikwa na misitu na mawingu. Si fumbo. Reli ya Wajerumani, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilipita tambarare, na mji ukakua kando ya reli, si kando ya maji.

Wapare walikuwa na jibu lao kabla ya reli: ndiva. Hili ni bwawa dogo la udongo lililochimbwa juu ya mashamba. Maji ya kijito hujazwa humo usiku; asubuhi mlango hufunguliwa, na mifereji huyagawa kwa zamu. Tusiipambe ndiva kupita kiasi, maana koo zilizochimba zilijipendelea. Hata hivyo, zamu ilimlazimu aliye juu kukumbuka kwamba chini yake kuna mtu anayengoja.

Leo umbali kati ya wawili hao umekuwa mkubwa. Machi 2025 ulizinduliwa mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, uliosubiriwa kwa muda mrefu. Chanzo chake ni Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 na kulishwa na mito ya Kikuletwa na Ruvu. Mito hiyo hukusanya maji ya miteremko ya Meru na Kilimanjaro, pamoja na yale yatokayo katika miji na mashamba yaliyo njiani. Mkazi wa Same, basi, amekuwa mtu wa chini: anakunywa baada ya Moshi.

Moshi, kwa bahati njema, ina mabwawa ya kusafishia majitaka huko Mabogini. Teknolojia yake ni ya kawaida mno kiasi kwamba haivutii mwanasiasa yeyote. Majitaka hupita taratibu kutoka bwawa moja hadi jingine. Tope hutua, bakteria hula uchafu, mwani hutoa oksijeni, na jua huua vimelea, bila mtambo wa umeme. Wakulima wa mpunga wa jirani walitambua kwamba maji yatokayo humo yana rutuba, wakayaelekeza mashambani. Hapo ndipo jambo linapokuwa zito. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 katika mililita 100 za maji ya kumwagilia mazao yaliwayo mabichi. Mpunga hupikwa, naam. Mguu wa mkulima uliozama matopeni haupikwi. Na bwawa lisiloondolewa tope kwa miaka hubaki bwawa kwa jina tu.

Same nayo je? Kaya nyingi hutegemea vyoo vya shimo na makaro. Bomba likianza kutiririka kila siku, karo lililotosha wakati wa ndoo na madumu litafurika. Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 imeyaweka maji na usafi wa mazingira mikononi mwa mamlaka ileile, lakini hotuba zetu za uzinduzi huhesabu mabomba na kuyasahau magari ya kunyonya majitaka. Ardhi ya mabwawa ya Same yafaa itengwe sasa, kabla tambarare yote haijapimwa viwanja, na wakulima watakaoyapokea maji hayo waitwe mezani kabla mkandarasi hajapatikana.