Dinari Ilikonda Kabla Roma Haijaanguka

Nikiwa mdogo, mwalimu wa shule ya Jumapili alitusomea ule mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu. Wote wanalipwa dinari moja, hata yule aliyefika jioni jua likizama. Darasa lote likaanza kubishana kama hiyo ni haki. Mimi nikainua mkono nikauliza: dinari ni bob ngapi? Nikaambiwa nikae chini.

Sasa acha nijijibu mwenyewe, maana hilo swali limenionyesha Roma vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma kabla niache chuo.

Dinari, denarius kwa Kilatini, ilikuwa sarafu ya Warumi ya fedha. Fedha ile madini, si pesa. Kwa huo mfano, dinari moja ni malipo ya kibarua ya siku moja. Shika hapo, tutarudi.

Ukiuliza watu Roma ilianguka lini, watakupa 476, mwaka ambao jenerali Odoacer alimtoa kijana Romulus Augustulus kwa kiti. Kwa mtihani utapata maksi. Lakini hiyo tarehe haikuelezi kitu. Mimi naona Roma ilianza kuangukia ndani ya mfuko wa mtu wa kawaida, zaidi ya miaka mia mbili mbele ya hapo, na hakuna aliyepiga kamsa.

Kupanda ilipanda kwa vita vilivyojilipa. Mwaka 167 KK, baada ya kuishinda Makedonia, walirudi na mali nyingi hadi raia wa Roma wakaacha kutozwa ule ushuru wa vita wa moja kwa moja. Wengine walipe, sisi tupumzike. Mwaka 106 BK mfalme Trajan akamaliza kuiteka Dacia, Romania ya leo, pamoja na migodi yake ya dhahabu. Baada ya Trajan, kuteka kukapungua sana. Jeshi lakini bado lilikuwa pale, mpaka mrefu kutoka Uingereza hadi Syria, kila askari anangoja mshahara, na hakuna tena jirani tajiri wa kuibiwa. Ndio, kuibiwa. Tusipambe.

Kwa hivyo wakageukia sarafu. Nero alianza mapema, mwaka 64: dinari ikapunguzwa uzito na fedha ndani yake. Waliomfuata wakaendelea pole pole. Halafu anaingia Septimius Severus, na hapa ndipo wasee hupenda kupiga makofi kwa sababu ni Mwafrika, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo, aliyekuwa mfalme mwaka 193. Hata mimi nilipiga makofi. Lakini chini yake fedha kwenye dinari ilishuka hadi karibu nusu, na pesa ilienda kwa wanajeshi. Cassius Dio, seneta aliyeishi wakati huo, anasema Severus akiwa karibu kufa pale York mwaka 211 aliwaambia wanawe wapatane, wawatajirishe wanajeshi, na wengine wote wasiwahesabu.

Kupatana hawakupatana. Mwaka huohuo Caracalla alimuua mdogo wake Geta. Lile la wanajeshi alilishika vizuri kabisa: akawaongezea mshahara, na mwaka 215 akatoa sarafu mpya yenye thamani ya dinari mbili, lakini ndani ina fedha ya kama dinari moja na nusu. Manze, wizi wa mchana. Mwaka 212 alikuwa amewapa uraia karibu watu wote huru wa dola nzima. Inasikika poa sana, na Dio anatuambia sababu: raia walikuwa na kodi ambazo wageni hawakulipa.

Ni kama mandazi za mtaani. Bei imebaki ileile, mandazi ndiyo imekonda. Tofauti ni kwamba mandazi unaiona kwa macho kabla hujalipa.

Kufikia miaka ya 260 hizo sarafu zilikuwa na fedha chini ya asilimia 5, shaba tupu iliyopakwa rangi nyeupe juu. Na watu si wajinga. Aliyekuwa na dinari za zamani alizifukia, na mpaka leo wakulima Ulaya wanazilima kwa trekta, vyungu vizima. Kuna karatasi ya mafunjo kutoka mji wa Oxyrhynchus, Misri, ya mwaka 260: wabadilisha pesa wamefunga maduka kwa sababu hawataki kupokea sarafu za mfalme. Mkuu wa wilaya anaamuru wafungue na wapokee. Yaani serikali inamlazimisha mtu wa pesa akubali pesa. Ukifika hapo hata adui hakuhitaji kukusaidia kuanguka, ingawa maadui pia walikuwepo, na tauni, na wafalme zaidi ya ishirini ndani ya miaka hamsini.

Mwaka 301 Diocletian akaja na tiba ya kijeshi. Akatoa amri ya bei, zaidi ya vitu na kazi elfu moja, na ukizidisha unauawa. Lawama zote akaziweka kwa tamaa ya wafanyabiashara, sarafu zake hazikuguswa. Orodha yenyewe tunayo, ilichongwa kwenye mawe. Kinyozi, dinari 2 kwa kichwa. Sasa rudi kwa kibarua wetu wa mizabibu: kwa hiyo orodha kibarua wa shamba analipwa dinari 25 kwa siku, na chakula juu. Kazi ni ileile, jembe ni lilelile, na jua lilelile. Lactantius, Mkristo aliyemchukia Diocletian kupita kiasi kwa hivyo msome kwa makini, anasema bidhaa zilipotea sokoni kwa woga na damu ikamwagika kwa vitu vya bei ndogo. Amri ikafa.

Constantine ndiye alipata pesa ya kuaminika: solidus, sarafu ya dhahabu, 72 kwa ratili moja ya Kirumi. Ilidumu karibu miaka mia saba. Watu wa uchumi wanamsifu sana hapa. Mimi nauliza, nani alikuwa na dhahabu? Wakubwa, maafisa, wenye mashamba. Mama muuza mboga alibaki na shaba isiyonunua kitu.

Magharibi pigo kubwa lilikuja 439, Wavandali walipoiteka Carthage, Tunisia ya leo. Afrika Kaskazini ndiyo ilikuwa inatoa nafaka, mafuta na kodi. Bila hiyo, mshahara wa jeshi utoke wapi? Kuna kisa kwenye maisha ya mtakatifu Severinus, yaliyoandikwa na Eugippius, ambacho sikisahau. Kikosi cha mwisho pale Batavis, kando ya mto Danube, kiliona malipo hayaji. Wachache wakatumwa Italia wakachukue mshahara wa wenzao. Waliuawa njiani, na waliobaki hawakujua mpaka mto ulipoleta maiti.

Nimewahi kumfanyia mtu kazi miezi miwili nikiambiwa pesa inaingia wiki ijayo, kwa hivyo hao ninawaelewa kuliko Caesar yeyote. Hakuna mtu aliwaambia kwamba Roma imeisha. Mshahara tu haukuja.

Mashariki waliendelea kujiita Warumi, na ndiyo maana Waarabu waliwaita Rum, mpaka Constantinople ilipochukuliwa na Waturuki mwaka 1453. Na zile sarafu zilifika mbali zaidi yao. Khalifa Abd al-Malik alitoa dhahabu yake kwa mfano wa solidus miaka ya 690, lakini jina likawa la ile nyingine: dinari. Kama una dada anafanya kazi Kuwait, hiyo ndiyo analipwa, na moja ni zaidi ya bob mia nne. Jibu langu hilo, mwalimu.

Solidus nayo imejificha. Kwa Kifaransa cha kale malipo ya jeshi yalichukua jina lake, anayelipwa akaitwa kwa jina hilo, Waingereza wakalibeba, na sisi tukalipata soja. Soja wa geti lenu anaitwa kwa jina la sarafu ya Constantine. Waingereza pia waliandika shilingi kwa herufi s ya solidus, wakatuletea hiyo shilingi miaka ya 1920, na ule mkwaju tunaouweka baada ya bei, wenyewe wanauita solidus mpaka leo. Pale kibandani kwetu kuna kadibodi imeandikwa kwa makaa: MANDAZI 10/=.