Kikeya Nyumbani Mwetu

Cheti cha marehemu baba cha kuachishwa jeshi kinataja namba, cheo na miaka, Burma haimo. Alichotuachia ni neno. Kijito cha shambani kilipofurika wakati wa masika alikiita “Chinduini”, nalo ndilo lililonielekeza kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw katika mvua za 1944 na kufika Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, mwezi Desemba. Humo walikuwamo vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Kambini walizungumza Kikeya, Kiswahili cha K.A.R., ambacho ngeli zake zilikuwa zimepunguzwa mno. Wasanifishaji walikibeza, na kwa maoni yangu walikionea. Baba alipooa mke wa kabila jingine, hicho ndicho kilichokuwa lugha yao ya pamoja. Mama alimwita “afande”, neno la Kituruki lililotufikia kupitia askari wa Kisudani, akicheka. Nasi watoto tulikwenda shule tukisema “kitabu yangu”, tukachapwa. Baba alipoarifiwa, alitaka kujua kosa lilikuwa wapi.