Mbio za Kilimanjaro Zilianza na Mzigo Kichwani

Vijana wa hapa Mweka wakibishana kuhusu mbio za mlimani, jina la kwanza kutajwa ni Karl Egloff. Mwaka 2014, mwezi wa Agosti, Mwekuador huyo mwenye baba Mswisi alipandia njia ya Umbwe, akagusa kilele cha Uhuru, akashukia njia ya Mweka: mzunguko mzima kwa saa 6, dakika 42 na sekunde 24. Mgeni wa kawaida hutumia siku sita au saba. Simnyimi mtu sifa yake. Ila nilibeba mizigo ya wageni ujana wangu wote kwenye njia hizo, na nasema mbio za mlima huu ni za zamani kuliko saa ya kuzipimia.

Mwanzo wake ni 1889. Mjerumani Hans Meyer alikuwa ameshindwa kufika kileleni 1887, na safari hii alikuja na mpango wa chakula. Aliweka kambi juu kabisa, karibu na Kibo, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kati ya kambi hiyo na kijiji cha Marangu kumletea vyakula. Kule juu alibaki na mwenzake Ludwig Purtscheller na Muini Amani, mtu wa Pangani, aliyevumilia baridi ambayo pwani hawaijui. Tarehe 6 Oktoba Wazungu wale wawili wakafika kileleni. Vitabu viliandika majina yao. Wale waliokuwa wakipanda na kurudi na vyakula kila baada ya siku chache, wengi hawatajwi.

Kazi hiyo haijabadilika sana. Asubuhi wageni wanaondoka kambini na kiongozi wao, pole pole. Sisi tunabaki kung'oa mahema, kuosha sufuria na kufunga mizigo, halafu tunawapita njiani, kwa sababu wakifika kambi inayofuata lazima wakute hema limesimama na maji ya chai yamechemka. Siku hizi getini kuna mzani, na mwisho ni kilo 20. Zamani ulibeba ulichopewa, ukaweka kata kichwani na kuomba mvua isinyeshe.

Siku ya mwisho ndiyo ya mbio zenyewe. Mweka ni njia ya kushukia tu. Ukitoka kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, mpaka getini, mita 1,640 hivi, unateremka karibu mita 3,000. Mwenye mzigo akishuka kwa kujizuia kila hatua, magoti yanakwisha kabla hajaingia msituni. Wazee walitufundisha kukunja magoti kidogo, kupiga hatua fupi za harakaharaka, na kutazama jiwe la tatu mbele, wala si lile unalokanyaga. Msituni palipo na matope na mizizi, unakanyaga pembeni. Tulishuka hivyo, wengine kwa raba zilizotoboka, tukiwahi ujira na gari la Moshi mjini.

Na kulikuwa na mbio zisizo na mzaha. Mgeni akizidiwa na ugonjwa wa mwinuko, dawa ya kwanza ni kumshusha. Kabla helikopta hazijazoeleka, alifungwa kwenye machela ya chuma yenye gurudumu moja, watu wakaishika mbele na nyuma, na safari ikaanza hata kama ni usiku wa manane. Huko nilijifunza kukimbia kwa kufuata pumzi za wenzangu.

Saa ya kupimia ilikuja baadaye. Mwaka 2001 Mwitaliano Bruno Brunod alipanda kwa njia ya Marangu kwa saa 5, dakika 38 na sekunde 40. Kisha akatokea mtu wetu, Simon Mtuy wa Mbahe, aliyeanzia kwenye upagazi kabla ya kuwa kiongozi. Desemba 2004 alipanda na kushuka kwa saa 8 na dakika 27. Februari 2006 akarudia akiwa amebeba maji, chakula na nguo zake mwenyewe, akamaliza kwa saa 9 na dakika 20 hivi. Ile ya pili ndiyo naiheshimu zaidi, maana inafanana na kazi yetu. Mkatalani Kilian Jornet alikuja 2010, akapanda na kushuka kwa saa 7 na dakika 14, ndipo Egloff akafuata.

Wakimbiaji kama hao hukaa mlimani kwanza ili miili izoee hewa nyepesi, na kambi ya mlimani haiendi bila mtu wa kubeba. Getini Mweka mgeni aliyefika kileleni hupewa cheti chenye jina, tarehe na saa. Mpagazi hupewa ujira wake, na akibahatika, bakshishi. Kesho kutwa yuko getini tena akisubiri mzigo mwingine. Kwa hiyo anayetaka kuandika orodha ya wakimbiaji wa Kilimanjaro aandike nyakati za akina Egloff, lakini mstari wa kwanza awape wapagazi wale wa 1889, hata kama safu ya muda itabaki wazi.