Joto la Nyoka

Msomaji, ukipita alfajiri katika mashamba ya chai ya Kericho, ambako nchi imeinuka kadiri ya mita 2,000 juu ya bahari, utajikunyata kwa baridi. Lakini mwili wako hujitengenezea joto. Nyoka hana uwezo huo: huliazima kwa jua na kwa mawe, na akilikosa, hata chakula alichomeza hakisagiki.

Jonathan Leakey alifuga nyoka kando ya Ziwa Baringo, ambako jua ni kali. London hakuna jua kama hilo. Kwa hiyo Bibi Joan Procter, msimamizi wa wanyama watambaao katika bustani ya wanyama ya mji huo, alibuni nyumba iliyofunguliwa mwaka 1927. Ilipashwa joto kwa umeme, mahali hapa zaidi na pale kidogo, ili kila mnyama ajichagulie.

Hata hivyo, joto lisilo na mlinzi ni adui. Nyoka huweza kulala juu ya kitu cha moto mpaka akaungua, na sanduku la mbao huweza kuwaka. Mlinzi alikwisha patikana zamani: mwaka 1830 Andrew Ure, Mskoti, aliandikisha kidhibiti joto chenye vipande viwili vya madini mbalimbali vilivyoshikamanishwa. Kimoja hutanuka kuliko mwenziwe, vyote hupinda, na joto hupunguzwa.

Basi atakayepanga masanduku ya nyoka katika nchi ya baridi, akiisha kupata kibali cha serikali, apashe upande mmoja tu, azibe nyaya zisiguswe, wala asiwashe umeme kabla ya kumweka mlinzi huyo.