Muziki, Maonyesho na Mashine Zenye Akili Bandia

Kila mtu na awe na daftari yake na penseli yake. Tena yafaa kila watu wawili wawe na maharage 12, au kokoto 12, juu ya meza. Tutazihitaji baadaye.

Leo twazungumza habari za akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba. Maana yake ni mashine iliyotengenezwa ili ifanye kazi ambazo zamani watu walidhani ni za akili ya mwanadamu peke yake: kucheza sataranji, kujibu maswali, kutunga wimbo, au kusema kwa sauti ya mtu.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Tena watu wengi hawakuletewa habari zake kwa vitabu. Waliletewa kwa muziki na kwa maonyesho. Sababu yake twaijua sote: ngoma ikilia, watu hukusanyika. Lakini kukusanyika si kujifunza. Mtu anaweza kutazama maonyesho mchana kutwa akarudi nyumbani amestaajabu tu, na mtu aliyestaajabu ni rahisi kudanganywa. Hujifunza siku anapoelezwa kazi inavyofanyika, naye akaweza kuijaribu kwa mkono wake. Basi tufuate historia hiyo, tuone ni lini watu walifundishwa na ni lini walichezewa tu.

1. Sanduku la sataranji

Katika mwaka wa 1770, katika mji wa Vienna, fundi mmoja jina lake Wolfgang von Kempelen alileta mashine mbele ya malkia Maria Theresa. Ilikuwa sanduku kubwa lenye ubao wa sataranji juu yake, na nyuma ya sanduku ameketi mwanasesere aliyevikwa kilemba na mavazi ya Kituruki. Mwanasesere huyo alinyanyua mkono, akasogeza kete, akawashinda wengi waliocheza naye.

Kabla ya mchezo, Kempelen alifungua milango ya sanduku, mmoja baada ya mwingine, akamulika kwa mshumaa. Watu wakaona magurudumu na vyuma. Wakasema, "Naam, ni mashine kweli." Kumbe ndani alikuwamo mtu! Alikuwa mchezaji hodari, akijisogeza huku na huku kila mlango ulipofunguliwa. Sanduku hilo lilizungushwa katika miji ya Ulaya na baadaye Marekani. Hata Napoleon alicheza nalo katika mwaka wa 1809, akashindwa. Mwisho wake liliungua moto katika mji wa Philadelphia katika mwaka wa 1854.

Tazameni jambo moja. Watu walionyeshwa ndani ya sanduku, lakini hawakufundishwa. Mwenye maonyesho ndiye aliyechagua waone nini.

2. Mchezo wa London

Sasa turuke mpaka mwaka wa 1951. Uingereza ilifanya maonyesho makubwa ya taifa, na katika mtaa wa South Kensington, London, kulikuwa na maonyesho ya sayansi. Kampuni ya Ferranti ilileta mashine iliyoitwa Nimrod, yenye upana wa futi 12. Ilicheza na watu mchezo mmoja tu, uitwao Nim.

Mchezo huo ni rahisi. Kuna mafungu ya vitu. Kila mchezaji kwa zamu yake huchagua fungu moja, akaondoa vitu vingi apendavyo katika fungu hilo, kimoja au vyote. Atakayechukua cha mwisho kabisa ndiye mshindi.

Chukueni maharage yenu. Yagaweni mafungu mawili, kila fungu 6. Mwenzako aanze. Akiondoa 2 katika fungu la kwanza, wewe ondoa 2 katika fungu la pili. Akiondoa 3, nawe ondoa 3 kule kwingine. Kila mara sawazisha mafungu. Mtaona kwamba wewe utashinda siku zote, hata kama mwenzako ni mwerevu kuliko wewe.

Je, umeshinda kwa kufikiri? Hapana. Umeshinda kwa kufuata kanuni. Kanuni ya Nimrod ilikuwa ndefu kuliko hii, kwa sababu mafungu yanaweza kuwa mengi, lakini ilikuwa ya namna hii hii. Mtu alifikiri kwanza, akaiandika kanuni, na mashine ikaifuata upesi bila kuchoka. Kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya mashine huitwa programu.

Waliojenga Nimrod hawakuficha neno. Waliweka taa zilizoonyesha hatua za hesabu yake, wakatoa na kijitabu cha kueleza. Hata hivyo wengi waliofika walitaka kucheza na kutazama taa kuliko kusoma habari za hesabu. Baadaye mwaka huo mashine ilipelekwa Berlin. Huko Ludwig Erhard, waziri wa uchumi wa Ujerumani Magharibi, alicheza nayo akashindwa.

3. Mashine inapiga wimbo

Mwaka huo huo wa 1951, katika mji wa Manchester, palikuwa na kompyuta kubwa ya chuo kikuu. Ilikuwa na kipaza sauti kidogo cha kuwaita mafundi. Mwalimu mmoja wa shule, Christopher Strachey, aliandika programu ya kuifanya ipige wimbo wa taifa wa Uingereza. Redio ya BBC ikaja kurekodi. Mashine ilipiga wimbo wa taifa, kisha wimbo wa watoto, kisha wimbo wa dansi, lakini huo wa dansi ikaukosea katikati, na watu waliokuwapo wakacheka. Rekodi hiyo imehifadhiwa, na katika mwaka wa 2016 wataalamu wa New Zealand waliisafisha.

Mashine hiyo iliimbaje? Gonga meza kwa kidole: tik, tik, tik. Sasa fikiri kwamba kidole kinagonga mara mamia kwa nukta moja. Sikio halitasikia tena tik, tik. Litasikia sauti moja inayoendelea. Ukigonga upesi zaidi, sauti hupanda; ukigonga polepole zaidi, hushuka. Basi programu ya Strachey ilikuwa orodha ya kugonga: gonga hivi kwa muda huu, kisha vile kwa muda ule.

Wimbo wenyewe ulitungwa na mtu. Mashine iliupiga tu. Swali lililofuata likawa, je, mashine yaweza kutunga?

4. Kutunga kwa kuchambua

Katika kiangazi cha mwaka wa 1956 wataalamu walikutana katika chuo cha Dartmouth, Marekani, kuzungumza habari za mashine zenye akili. Jina la "akili bandia" lilitokana na barua waliyoiandika mwaka uliotangulia ili kuomba fedha za mkutano huo.

Kiangazi hicho hicho, tarehe 9 Agosti 1956, katika Chuo Kikuu cha Illinois, watu walisikia muziki uliotungwa kwa kompyuta. Wakuu wa kazi hiyo walikuwa Lejaren Hiller na Leonard Isaacson, ambao walikuwa wataalamu wa kemia. Waliopiga muziki huo walikuwa watu wanne wenye vyombo vya nyuzi: fidla mbili, viola moja na selo moja. Fidla na selo wapenzi wa taarabu wanavijua.

Namna ya kutunga ilikuwa hivi. Kompyuta ilitoa namba kwa bahati nasibu, kama mtu anayetupa dadu, na kila namba ilisimama mahali pa sauti moja. Kisha kila sauti ilipimwa kwa kanuni za muziki. Iliyovunja kanuni ilitupwa, iliyofaa ilibakizwa. Mama anayechambua mchele hufanya kazi ya namna hiyo: haumbi punje, huondoa mawe.

Basi ni nani mtungaji? Waliochagua kanuni ni watu. Aliyechambua ni mashine. Swali hili lilianza kuulizwa siku zile, na mpaka leo linaulizwa mahakamani na katika vyama vya wanamuziki.

5. Sikio linashindwa

Katika mwaka wa 1997, katika Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, palifanywa jaribio mbele ya watu. Mpiga piano alipiga vipande vitatu vya muziki. Kimoja kilitungwa na Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyefariki mwaka wa 1750. Cha pili kilitungwa na mwalimu wa muziki, Steve Larson, kwa kumwiga Bach. Cha tatu kilitungwa na programu ya David Cope, iliyochukua kazi za Bach, ikazikatakata, ikatafuta mazoea yake, ikaunga upya.

Watu wakaulizwa ni kipi cha nani. Walidhani kipande cha mashine ndicho cha Bach mwenyewe, na kipande cha Larson, mwanadamu aliyekuwa hai wakati huo, ndicho cha mashine.

Hapa pana fundisho kubwa. Wasikilizaji hao hawakuwa wajinga. Lakini sikio peke yake halikutosha kujua ni nani aliyetunga. Hata hivyo jaribio lilikuwa la haki: watu waliambiwa mapema kwamba mashine imo, na baadaye wakaambiwa ukweli. Ndiyo tofauti yake na sanduku la Vienna.

6. Zamani zetu hizi

Mashine za siku hizi haziandikiwi kila kanuni na mtu. Hupewa mifano mingi mno, mathalani maelfu na maelfu ya nyimbo, nazo hujirekebisha kidogo kidogo mpaka zinaweza kukisia sauti gani itafuata nyingine. Kwa hiyo hata aliyeitengeneza hawezi kila mara kueleza kwa nini imechagua sauti hii badala ya ile.

Katika mwaka wa 2020 shirika la utangazaji la Uholanzi liitwalo VPRO lilifanya mashindano ya nyimbo zilizotungwa kwa msaada wa akili bandia. Vikundi 13 vilishiriki, na kila kikundi kilieleza jinsi kilivyoitumia mashine. Washindi walikuwa kikundi cha Australia, waliochanganya wimbo wao na sauti za wanyama na ndege wa kwao. Mtu alisikia wimbo, kisha akajua ulivyopikwa.

Mwaka wa 2023 ulituonyesha njia mbili. Mwezi wa Aprili ulitokea wimbo wenye sauti kama za Drake na The Weeknd, wanamuziki wawili wa Kanada. Hawakuuimba. Ilikuwa mashine iliyoiga sauti zao, na wimbo ukaondolewa katika huduma za muziki. Mwezi wa Novemba ulitoka wimbo wa Beatles, bendi ya Uingereza, wenye sauti ya John Lennon aliyeuawa mwaka wa 1980. Huo haukuwa uongo. Lennon aliuimba mwenyewe katika kaseti ya zamani, na mashine ilitenga sauti yake na mlio wa piano. Wenzake waliwaeleza watu mapema walivyofanya.

Ufundi unafanana, lakini nia na maelezo vimetofautiana.

7. Jambo hili latuhusu nini?

Ndugu zangu, mashine iwezayo kuiga sauti ya mwimbaji yaweza kuiga sauti ya mwanao. Ikiwa siku moja simu italia, ukasikia sauti ya kijana wako akilia na kuomba fedha upesi, usitume kitu kwa kuamini sikio. Kata simu. Mpigie kwa namba unayoijua wewe. Muulize neno ambalo yeye na wewe tu mnalijua. Kufanya hivyo si kumkosea adabu mtoto wako. Ni kumlinda, na kuilinda mali yenu.

Sisi wa Afrika Mashariki twaijua njia njema ya kufundisha wengi. Katika mwaka wa 1973 Tanzania ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Redio iliwakusanya, mazungumzo na kazi ndivyo vilivyowafundisha. Na akili bandia yafaa ifundishwe hivyo hivyo. Ngoma ilie, watu waje, lakini baada ya ngoma kila mtu apewe nafasi ya kuuliza.

Basi kila mara mnapoonyeshwa mashine ya ajabu, ulizeni maswali matatu. Nani ameitengeneza, naye anataka nini? Imejifunza kwa kazi za nani, na je, wenyewe waliombwa ruhusa? Na je, mimi naweza kuijaribu mwenyewe, au naonyeshwa ninachochaguliwa tu?

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini watu wa Vienna walidanganywa ingawa walionyeshwa ndani ya sanduku?

2. Chezeni Nim kwa mafungu mawili yasiyo sawa. Je, anayeanza afanye nini ili ashinde?

3. Kama mashine imetunga wimbo kwa kujifunza nyimbo za mwanamuziki wa kijiji chenu, nani alipwe?

4. Chagueni nyumbani neno la siri la kutambuana katika simu. Msiliandike hapa.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.