Mzingo dhahania

Mstari ulionisumbua, «virtual surround» kwa Kiingereza, ulikuwa wa nne kwenye menyu niliyokuwa nikiitafsiri. Kifaa chenyewe kilikuwa kicheza muziki kidogo cha mfukoni, cha aina ambayo kioo chake hubeba herufi 16 tu kwa mstari, nafasi zikihesabiwa. Aliyenitangulia katika tafsiri ile aliandika «Sauti pepe zunguko». Haikuenea. Kioo kilikata mwisho, mbele ya macho ya msomaji ikabaki «Sauti pepe zungu».

Kabla ya kutafuta neno jingine nilitaka kusikia kitu chenyewe. Nikachomeka hedifoni, nikaweka taarabu iliyorekodiwa kwa stirio, yenye kanuni upande wa kushoto na fidla kulia. Kitufe kikiwa kimezimwa, kanuni ilikuwa imeganda kwenye sikio langu la kushoto na mwimbaji alikuwa ndani ya fuvu, nyuma kidogo ya macho. Nilipowasha, kanuni ilisogea nje, kama urefu wa mkono kutoka begani. Dumbaki likarudi nyuma. Mwimbaji hakutoka kichwani sawasawa, ila alipata hewa ya kupumua. Hakuna kilichoongezwa kwenye bendi. Waliokuwepo walipewa nafasi ya kukaa.

Sikio linajuaje mahali pa sauti? Mfikirie mbu aliyeingia ndani ya chandarua usiku. Humwoni, lakini hukosei upande wa kupiga kofi. Mwaka 1907 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alieleza jambo hili kwa sababu mbili ambazo hadi leo ndizo msingi. Sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia kwanza, na hulifikia ikiwa na nguvu zaidi kwa sababu kichwa hulikinga sikio la pili. Upana wa kichwa ni kama sentimita 18, na sauti hukimbia karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya kufika haizidi sana milisekunde 0.7. Ubongo hupima hata sehemu ndogo ya hiyo. Mbele na nyuma, juu na chini, ni kazi ya mikunjo ya sikio la nje, ambayo huchuja sauti kwa namna tofauti kulingana na inakotoka. Ndiyo maana unajua bodaboda iko nyuma yako kabla hujageuka.

Muziki mwingi wa stirio hupangwa kwa ajili ya spika mbili zilizo mbele ya msikilizaji. Hapo sikio la kushoto husikia pia spika ya kulia, kwa kuchelewa kidogo. Ukivaa hedifoni, kila sikio hufungiwa chumba chake. Ubongo ukikosa ishara ulizozoea, huamua kwamba sauti imo humo humo kichwani. Mwaka 1961 Benjamin Bauer alipendekeza dawa yake: peleka sehemu ya sauti ya kila upande kwenye sikio la pili, ikiwa imecheleweshwa kidogo.

Vicheza muziki vya miaka ya 2000 vilitumia njia mbalimbali. Iliyojulikana sana ni ya kampuni ya SRS, iliyotokana na kazi ya Arnold Klayman katika kampuni ya ndege ya Hughes Aircraft, Marekani, miaka ya 1980. Ndiyo iliyowekwa chini ya jina WOW kwenye vicheza vya iriver na Samsung. Kiini cha njia hii ni kuchukua kile tu kinachotofautisha kushoto na kulia, kukichuja na kukipa nguvu. Njia ya pili, kama ile ya Dolby Headphone iliyoanzia kwa kampuni ya Lake ya Australia, huiga spika zilizopangwa chumbani, kila moja ikiwa na mwangwi wake na jinsi kichwa kinavyoichuja.

Sasa maneno. Kwanza hilo «zunguko». Damu ina mzunguko, fedha ina mzunguko, feni inazunguka. Katika yote hayo kuna mwendo. Mtu akiambiwa sauti ya mzunguko atatarajia filimbi inayokimbia kutoka sikio hadi sikio, na akiikosa ataona kifaa ni kibovu. Maji yanapokizingira kisiwa hayakimbii kukizunguka. Yapo pande zote. Hiyo ndiyo maana tunayoitaka, na lugha imekwisha kutupa nomino yake darasani: mzingo wa duara. Mtoto wa shule ya msingi anajua kuupima. Spika zimekaa kwenye mzingo, msikilizaji amekaa kwenye kitovu. (Nyumba nyingi nilizoingia zina sabufa yenye spika tano, na zote tano zimepangwa safu moja kwenye kabati la televisheni. Hapo sauti ni kubwa, na inatoka mbele tu. Neno «mzingo» kwenye boksi lingewaonyesha wenyewe mahali pa kuziweka.)

Neno la pili lilinichukua siku nzima. «Pepe» limezoeleka, na kwa barua linafaa kabisa, maana barua ile husafiri kama upepo. Lakini muulize mkulima wa mpunga pepe ni nini. Ni punje tupu, ganda lisilo na mchele, ambalo upepo hulichukua unapopepeta. Kwenye hedifoni mambo ni kinyume chake: mchele upo na ganda ndilo halipo. Sauti imefika, spika hazipo. «Bandia» nililikataa haraka zaidi, kwa sababu ni neno la noti na dawa, linamshitaki mtu kwa udanganyifu. Nililipenda kwa muda «kiinimacho», lakini lina mganga ndani yake, na linasema macho.

Nikarudi kwenye sarufi. Tunafundishwa kwamba upendo na njaa ni nomino za dhahania: huwezi kuzishika, na hakuna anayesema hazipo. Dhahania ni kitu ambacho kuwepo kwake kumo akilini, na ndicho hasa kinachotokea hapa, kwa sababu mzingo huu hauko kwenye waya wala kwenye hewa ya chumba. Masikio mawili hupokea mitetemo miwili, na ubongo hujenga ukumbi.

Ushahidi mzuri zaidi nimeupata kwenye besi. Spika ndogo ya hedifoni ya bei ya chini haiwezi kusukuma mitetemo mizito ya chini. Lakini simu ya mezani ya zamani ilipitisha takribani kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na sauti ya baba mwenye koo zito huanzia karibu na hezi 100. Mtetemo ule wa msingi haukupita kwenye waya hata kidogo, na bado ulimsikia baba na uzito wake wote. Ubongo husikia ngazi za juu za sauti ile, kisha huijaza ya chini wenyewe. Kicheza muziki hutumia njia hiyo hiyo: huongeza ngazi za juu za besi na kukuachia wewe kuimalizia. Hiyo nayo ni besi dhahania, na neno limekaa bila kulazimishwa.

Kuna mahali akili hukataa kujenga. Mikunjo ya sikio hutofautiana baina ya mtu na mtu, na kifaa hutumia sikio la wastani, kwa hiyo wengine husikia fidla nyuma badala ya mbele. Tena ukigeuza shingo, bendi nzima hugeuka nawe, jambo ambalo bendi halisi haiwezi kufanya. Mwaka 2020 Apple ilianza kufuatilia mwendo wa kichwa kwenye AirPods Pro ili waimbaji wabaki mahali pao. Vicheza vidogo vya zamani havikuwa na uwezo huo.

Jaribio langu la mwisho lilikuwa mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928. Rekodi za wakati ule ni za mkondo mmoja: kushoto na kulia ni kitu kilekile. Kicheza changu kilikuwa cha njia ile ya kwanza, inayokuza tofauti, na hapa hapakuwa na tofauti ya kukuza. Niliwasha, nikazima, nikawasha tena. Siti hakusogea. Nikaongeza kwenye maelezo ya msaada: «Hufanya kazi kwa rekodi za stirio». Kisha nikaandika mstari wa nne, mzingo dhahania, herufi 15 pamoja na nafasi ya katikati, nao ukaonekana wote.