Chunusi, majani ya pipa na tube yangu ya "dawa ya Kichina"

Nianze na uso wangu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa pili wa agronomia, chunusi zilinijaa mpaka nikaona haya kusimama mbele ya promosyo. Nikanunua ku soko tube ndogo yenye maandishi ya Kichina. Muuzaji akaniapia: "Hii ni ya asili, miti tupu." Wiki mbili tu, uso ukawa laini na mweupe. Nilipoacha kupaka, zikarudi nyingi kuliko mwanzo, na ngozi ikawaka kama pilipili. Daktari akasema hiyo inafanana na kazi ya kortizoni, halafu akaniuliza: "Ndani mulikuwa nini?" Sikujua.

Swali hilo ndilo lilinituma kwenye historia.

Karibu miaka 2,000 iliyopita, kitabu cha tiba cha China, Huangdi Neijing, kilishataja chunusi: mtu anatoka jasho kwa kazi, anapigwa na baridi, na kile kilichofungwa ndani ya ngozi kinageuka upele. Mwaka 1742, wakati wa mfalme Qianlong, madaktari wakiongozwa na Wu Qian walimaliza kitabu kikubwa, Yizong Jinjian. Wao walisema chunusi za uso na pua zinatoka kwa joto la mapafu. Dawa yao ya kunywa ilikuwa na vitu sita: majani ya pipa (Eriobotrya japonica), ganda la mzizi wa mforosadi, huanglian, huangbai, ginseng na gancao. Kila kimoja na kipimo chake.

Leo tunajua kwamba chunusi huanza tundu la unywele likizibwa na mafuta na seli zilizokufa, bakteria wakazaliana humo, homoni nazo zikichochea. Kwa hiyo "joto la mapafu" sisi hatulifuati. Lakini huanglian na huangbai zina berberine, ambayo katika maabara inazuia bakteria. Hiyo bado si ushahidi wa kupona. Ni sababu ya kupima.

Na kupima ndiko alikofanya Tu Youyou. Alisoma kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4, akaona kwamba artemisia ililowekwa bila kuchemshwa, akabadilisha njia yake ya kuitoa dawa. Akapata artemisinin, na Nobel mwaka 2015. Dawa za malaria tunazopewa hapa Minova zinatoka humo.

Tena, "asili" si sawa na "salama". Mbegu za pipa zinaweza kutoa sianidi, sumu ileile ambayo mama zetu wanaondoa kwa kuloweka muhogo mchungu.

Basi, wale wa 1742 waliandika mti gani, sehemu gani, kiasi gani. Tube yangu haikuwa na hata kimoja. Ilikuwa na jina la China tu. Sisi tuliosoma mimea tuwafundishe wadogo zetu kuuliza hayo matatu kabla ya kutoa franga. Na pomadi ikikufanya mweupe kwa wiki mbili, usifurahi. Nenda kwa daktari, na uende nayo mkononi.